Miezi Saba Kabla ya Kidato cha Tano: Kuomba Kazi ya Kwanza Moshi

Mtihani wa kidato cha nne humalizika mwezi wa Novemba, matokeo hutoka Januari, na waliochaguliwa kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Katikati hapo kuna zaidi ya miezi saba. Kijana wa Kibosho, Pasua au Mwika hana sare wala kengele, anatumia simu ya kuazima kwa mama, na kila ndugu anayepita nyumbani anamuuliza anafanya nini siku hizi.

Ratiba ya Baraza la Mitihani, pengine bila kukusudia, imewapendelea vijana wa Kilimanjaro. Disemba ndiyo mwezi ambao Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma hupanda nyumbani kuhesabiwa, kama utani wenyewe unavyosema. Magari ya namba za mbali hujaa kuanzia Himo hadi Marangu, saluni hazifungi mapema, mafundi cherehani hulemewa na nguo za sikukuu, na mwenye duka la jumla hukosa hata nafasi ya kula. Watalii nao huwa wengi mlimani kuanzia wiki za mwisho za Disemba hadi mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza. Ni msimu ambao mwajiri mdogo hana muda wa kusoma vyeti. Anachotaka ni mikono miwili zaidi, na mwenye mikono hiyo asiwe mwizi.

Kwa hiyo wakati wa kuomba ni wiki ya mwisho ya Novemba, vumbi la chumba cha mtihani likiwa bado kwenye viatu. Anayejitokeza tarehe 20 Disemba anakuta mpwa wa mwenye duka ameshafika kutoka Rombo. Anayesubiri matokeo yatoke ndipo aanze kutafuta anaingia sokoni mwezi wa Februari, karibu kabisa na mvua, pesa za Krismasi zikiwa zimekwisha mifukoni mwa kila mtu. Ipo pia nafasi ya pili, ya katikati ya mwaka, kahawa inapoanza kuiva na watalii wanaporudi. Hiyo inawafaa zaidi waliomaliza kidato cha sita mwezi wa Mei ambao hawajaitwa JKT, na wale ambao safari yao ya shule imeishia kidato cha nne.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuomba kazi yoyote. Kijana anaingia kwenye steshenari jirani na stendi, anaamkia vizuri, anasema, "Shikamoo mama, naomba kazi yoyote." Mama anajibu, "Marahaba mwanangu, kazi hakuna." Hajasema uongo. Ameombwa abuni kazi, aipime na kijana asiyemjua, kisha aipangie malipo, yote hayo wateja watatu wakiwa wanasubiri kopi. Jibu rahisi ni hapana.

Mwingine anapita mlango huohuo, lakini yeye amekaa upande wa pili wa barabara jioni mbili akitazama. Ameona foleni ya wanafunzi huanza saa tisa, ameona mama anaacha kuchapa barua ya mteja ili akatoe kopi ya shilingi mia, kisha anarudi amesahau alipoishia. Huyu anasema: "Shikamoo mama. Nimeona saa tisa hadi saa kumi na mbili watu wa kopi wanakuwa wengi. Naweza kukaa kwenye mashine ya kopi na kuskani saa hizo, wewe ukabaki na wanaochapa. Nijaribu kesho, ukiona sifai uniambie." Ameomba kazi yenye jina, saa na mahali, na amepunguza hasara ya mwajiri hadi jioni moja tu. Hata akikataliwa, mama atamkumbuka msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika, pale steshenari zinapojaa wazazi wenye vyeti vya kuzaliwa vinavyotakiwa kuhakikiwa RITA na mafaili yanayogoma kupanda kwenye mfumo kwa sababu ni makubwa mno.

Steshenari ni mfano tu. Gereji, duka la vifaa vya ujenzi, kwa fundi simu, kwa mama lishe, saluni, duka la dawa za mifugo, stoo ya ndizi Kiboriloni: kila moja ina saa zake za kuzidiwa, na saa hizo huonekana kwa macho. Asiye na uzoefu ana kitu kimoja ambacho mwenye CV ndefu hana, nacho ni muda wa kukaa na kutazama.

Na hilo la kutokuwa na uzoefu lichunguzwe kwanza kabla ya kukubaliwa. Vijana wengi wa milimani hujiandikia kwamba hawajawahi kufanya kazi wakati wamefanya kazi tangu darasa la tatu, ila hakuna aliyewahi kuiita kazi. Tuseme ni binti wa Machame aliyekulia kwenye kihamba chenye ng'ombe wawili wa ndani. Wilaya yao ya Hai ina ushirika wa wanawake wa maziwa wa Nronga, ulioanzishwa mwaka 1988, na vituo vya kukusanyia maziwa ni sehemu ya asubuhi za huko. Binti anayepeleka maziwa kituoni kabla ya shule anajua kufika kwa saa, maana maziwa hayasubiri. Ameona laktomita ikizamishwa na anajua kwa nini maziwa ya jirani yalirudishwa. Anajua kwamba lita zilizoandikwa kwenye kitabu cha kituo lazima zilingane na zilizo kwenye daftari la nyumbani, na mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuuliza zisipolingana. Mbele ya mwenye duka la vyakula, hayo ni kupokea bidhaa, kukagua ubora, kutunza kumbukumbu na kudai malipo bila kugombana. Kinachobaki ni kuyasema hivyo, kwa sentensi fupi, bila kuyatia chumvi.

Kuna pia aliyemuuzia shangazi ndizi sokoni na anatofautisha mchare na aina nyingine hata kwa mkungu uliofunikwa majani. Kuna mhazini wa kwaya ya vijana ambaye pesa za sare zilipita mikononi mwake zikatimia. Kuna aliyechuma kahawa kwa babu msimu mzima akichagua punje nyekundu tu, akaendesha mashine ya kumenyea kwa mkono hadi usiku. Kuna aliyekuwa kiranja wa stoo, na kuna aliyemuuguza bibi mwaka mzima, kazi ambayo watu wazima wengi hawaiwezi. Kila mmoja aandike alifanya nini, kwa muda gani, na nani alimwona.

Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Wataalamu wa uchumi Martin Abel, Rulof Burger na Patrizio Piraino waliwafuatilia watafuta kazi wa Afrika Kusini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020: maombi yaliyoambatana na barua ya aliyewahi kuwa mwajiri yalipata majibu mazuri kwa asilimia 60 zaidi ya yale yasiyo na barua. Watu hawakubadilika, vyeti havikubadilika, ila karatasi moja ya mtu mwingine iliongezwa. Mwajiri wa Moshi hahitaji kuambiwa jambo hilo na watafiti, kwa sababu swali lake la kwanza siku zote ni "wewe mtoto wa nani, na nani anakufahamu?"

Swali hilo lina umri mrefu huku. Marangu husimuliwa kwamba Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, alikuwa kijana tu alipopewa kazi ya kumwongoza Mjerumani Hans Meyer mlimani mwaka 1889. Wanahistoria wanabishana kama alikuwemo kwenye safari hiyo, kwani Meyer mwenyewe alimtaja Muini Amani wa Pangani. Lakini simulizi yenyewe inaeleza vizuri jinsi ajira ilivyokuwa ikitolewa: wazee wa mtawala wa Marangu, Mangi Marealle, walimchagua kwa kuwa ukoo wake ulijulikana kuufahamu msitu. Hakuulizwa uzoefu wa kufika kileleni. Hakuna aliyekuwa nao.

Kijana wa leo hana wazee wa Mangi, ila ana orodha ambayo haitumii. Mwalimu wa darasa, na si lazima awe mkuu wa shule ambaye huenda hakumbuki hata sura. Mchungaji au mzee wa usharika, katekista, mwenyekiti wa jumuiya, imamu wa msikiti wa mtaani. Fundi aliyemsaidia likizo. Afisa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa hutoa barua ya utambulisho, na waajiri wengi huidai, hasa pale kazi inapogusa pesa au funguo. Barua ya mtendaji inathibitisha mtu anakaa wapi. Haithibitishi kwamba anaamka mapema. Kwa hiyo itafutwe na ya pili, kutoka kwa mtu aliyemwona akifanya jambo fulani, yenye mistari mitano na namba ya simu inayopokelewa. Wadhamini wote waombwe ruhusa mapema. Mwalimu anayepigiwa ghafla akiwa sokoni na kuulizwa habari za mwanafunzi wa miaka miwili iliyopita atajikwaa, na kujikwaa kwake kutahesabiwa kwa mwombaji.

Kuhusu barua ya maombi, shule imeshawafundisha vijana muundo wake: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari chenye YAH, na "wako mtiifu" mwishoni. Muundo huo ubaki. Kinachoua barua nyingi ni aya ya katikati, ambapo mwombaji anajisifu kuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Maneno hayo yako kwenye kila barua iliyochapwa mjini, mengine yamenakiliwa pamoja na makosa yake. Mfano wa aya inayosomeka ni huu:

"Naomba nafasi ya msaidizi wa duka kuanzia tarehe 1 Disemba. Nimemaliza kidato cha nne mwezi huu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipeleka maziwa ya nyumbani kituoni kila asubuhi na kutunza daftari la mauzo. Nina uwezo wa kujumlisha haraka bila kikokotoo. Nakaa Rau, naweza kufika dukani saa moja asubuhi. Mwalimu wangu wa hisabati amekubali kupigiwa simu kuhusu mimi."

Haina kivumishi hata kimoja cha kujisifu. Mwenye duka anamaliza kuisoma akijua lini, wapi, nini na amuulize nani.

CV iwe ukurasa mmoja. Matokeo yasipambwe: Baraza la Mitihani huyaweka mtandaoni, na mwenye namba ya mtihani huyaona kwa dakika moja. Waliofeli hisabati waseme wanachoweza badala ya kukificha wasichoweza. Cheti cha kuzaliwa kitolewe kopi kadhaa. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo wengi wa umri huu hawana na hawapaswi kuliona hilo kama kasoro. Ila wakifikisha umri wasisubiri, kwa sababu benki na laini ya simu ya jina lao vyote vitadai namba ya NIDA.

Simu ina mambo yake. Ikiwa namba iliyoandikwa ni ya mama, mama aambiwe kwamba kuna simu inaweza kuingia na ajibu nini. Mwajiri habipiwi. Akitumiwa ujumbe, uandikwe kwa maneno kamili yenye salamu na jina. "Mambo vp bosi naomba mchongo" inamfaa mwenzako wa darasa. Picha ya WhatsApp nayo itazamwe upya, maana mwajiri akihifadhi namba tu ataiona.

Kwenda mwenyewe kunashinda simu kwa kazi nyingi za Moshi. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano duka linakuwa limeshafunguliwa na msongamano haujaanza. Ijumaa mchana mwenye duka Mwislamu yuko njiani kwenda msikitini. Jumapili asubuhi usharika wote uko ibadani. Kwa mama lishe saa saba mchana ni kumtafutia ugomvi. Shikamoo itolewe kwa kila mkubwa aliyepo, hata mlinzi na mfagiaji, maana mara nyingi mlinzi ndiye atakayeulizwa baadaye, "yule kijana alikuwaje?"

Kisha kuna mlima wenyewe. Kila kijana wa Marangu, Machame au Umbwe ana kaka au mjomba miongoni mwa wagumu, kama wapagazi wanavyoitana, na huko nyuma wapo waliopanda mara ya kwanza wakiwa bado watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka ubebaji wa mizigo mizito kwenye orodha ya kazi hatarishi zisizoruhusiwa kwa aliye chini ya miaka 18. Hifadhi ina kiwango cha kilo 20 za mzigo kwa mpagazi, na mizani iko getini, lakini baridi na hewa nyepesi ya juu havipimwi kwenye mzani. Wapagazi wamekufa katika mlima huu kwa sababu ya nguo duni na kulazimishwa kuendelea wakiwa wagonjwa. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaoendesha shughuli zake Moshi tangu 2003, huwaazima nguo za mlimani bila malipo na hufuatilia kampuni zinazowatendea haki. Aliyetimiza miaka 18 na anataka mlima aanzie kwa kuuliza huko kampuni zipi zinalipa na kulisha vizuri, kabla hajaenda kusimama getini kuokotwa na yeyote.

Mwenye miaka 17 anaweza kuukaribia mlima bila kuupanda. Kampuni za utalii zilizoko mjini huwa na stoo: mahema yanarudi yameloa, mifuko ya kulalia inahitaji kuanikwa, vyombo vya kambi vinaoshwa na kuhesabiwa kabla ya safari inayofuata. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kutuma, lakini baada ya miezi minne stoo kijana anajua vifaa vyote, anajulikana na waongoza watalii, na Kiingereza chake kimepata pa kufanyia mazoezi.

Sheria hiyohiyo ya Mtoto inazitaja kwenye orodha yake ya kazi hatarishi baa, hoteli na kumbi za starehe ambako mtoto anaweza kukutana na vitendo viovu, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Disemba vishawishi vya baa ni vingi, tipu ni nono, na wenye baa hawaulizi umri. Mzazi aulize.

Malipo yaongelewe siku ya kwanza, kwa heshima na bila kuona haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa na ujira. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Kima cha chini hupangwa na serikali sekta kwa sekta, hivyo shamba lina chake, biashara ina chake na hoteli ina chake. Ofisi ya kazi ya mkoa ndiyo ya kuulizwa kiwango cha sasa. Ukweli ni kwamba duka dogo la mtaani halitatoa mkataba wa kurasa nne. Hata hivyo mwenye duka akitumiwa ujumbe jioni ya siku ya kwanza, "Asante mama, tumekubaliana shilingi kadhaa kwa wiki, saa mbili hadi saa kumi na moja, Jumamosi na Jumapili mapumziko," na akajibu "sawa," tayari kuna maandishi. Asipolipwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko, na dai la ujira linatakiwa kufika huko ndani ya siku 60.

Kujaribiwa bila malipo kuna mpaka. Jioni moja ni haki, siku mbili tatu zinavumilika, mwezi mzima wa "kujifunza" huku kijana akifungua duka peke yake ni kutumikishwa. Kwa fundi hali ni tofauti kidogo, kwani anayefundishwa kushona au kuchomelea anapata ujuzi kama malipo, lakini hata huko muda uwekwe, na nauli na chakula vitajwe. Ujuzi wa namna hiyo hautapotea: VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha waliojifunza kazi mitaani, nje ya chuo.

Kuhusu matapeli maneno yawe machache. Anayetaka pesa ya fomu, ya sare, ya kipimo cha afya au ya "kumuona mkubwa" itumwe kwenye simu yake si mwajiri. Semina ya fursa inayoanza kwa makofi na kuishia kwa kiingilio cha kununua bidhaa si ajira. Kazi ya ndani Uarabuni inayotangazwa kwa ujumbe wa simu ihakikiwe kwanza kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kabla ya kumpa mtu pasipoti. Na bosi anayemwambia binti au kijana wa kiume kwamba usaili utaendelea gesti jioni anatenda kosa la rushwa ya ngono. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, simu ya mtoto ni 116, zote bila malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Usaili wowote ufanyike mchana, mahali pa kazi, na mtu mmoja nyumbani ajue ni wapi.

Julai ikikaribia, anayerudi shule atoe taarifa mapema ili mwajiri apate wa kushika nafasi, ikiwezekana mdogo wake au jirani aliyemfundisha kazi mwenyewe. Sheria inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya cheti cha utumishi. Kwa duka dogo, barua fupi inatosha: alianza lini, aliondoka lini, alifanya kazi gani, alishika pesa au hakushika, saini, muhuri kama upo, na namba ya simu. Aiandike mwenyewe rasimu yake, aichape, ampelekee bosi asome na kurekebisha. Wenye maduka wengi husaini palepale, ilhali wakiachiwa waandike wao, barua hiyo haitaandikwa hadi Krismasi nyingine.